Gunzi Lililobaki Ukutani

Siku ya kuniaga kazini mliniomba niseme machache. Nikasimama, nikashukuru kwa blanketi na redio, nikakaa. Baadhi yenu mlidhani machozi yamenikaba. Hapana, lilikuwa pilau. Lakini kweli nyingine ni kwamba neno nililotaka kuwaambia ninyi mnaopanda ngazi na kuchimba kuta lilikuwa linanisuta mimi mwenyewe, na mbele ya wakubwa ulimi ulinikwama. Sasa niko nyumbani hapa Lushoto, nimechukua daftari la mjukuu lililobakiwa na kurasa, nawaandikia.

Vyeo na mishahara sitavigusa. Vyote viwili vingeenea nyuma ya kiberiti na nafasi ikabaki.

Kazi ya kufunga umeme majumbani sikuanzia mlimani. Nilianzia chini, Mnazi, kwenye joto. Kijana wa baridi kama mimi niliteremka na sweta la sufu, na Mzee Mbaruku, fundi niliyekabidhiwa kwake, akalitazama sweta lile kwa muda. "Hilo litatufaa," akasema. "Tutafutia ngazi." Nikajua nimepata mwalimu.

Mzee Mbaruku alikuwa mfupi, mkimya, na vifaa vyake vyote vilikaa kwenye kikapu kimoja cha katani. Hakugusa ukuta kabla ya kusalimiana na kila mtu wa nyumba ile, hata mgonjwa aliyelala ndani. Siku ya kwanza nilipita moja kwa moja na tindo mkononi. Akaniita, akanirudisha mpaka mlangoni nikaanze upya. "Nyumba ya mtu unaiingia na nyundo," aliniambia. "Angalau tanguliza shikamoo."

Kwake nilijifunza kuchimba mfereji ulionyooka, kupigilia boksi la swichi lisichungulie wala kuzama, na kuvuta waya bila kuupigia kelele. Nilijifunza pia habari ya magunzi. Mabomba ya plastiki ya kupitishia waya hulazwa ukutani kabla ya lipu, na midomo yake isipozibwa fundi wa lipu anaijaza saruji, kisha anaapa si yeye. Mzee Mbaruku aliiziba kwa magunzi ya mahindi. Alilichonga gunzi kwa kisu mpaka likaingia kwa kukaza, na lipu ikishakauka alilizungusha mara moja likatoka zima. Mnazi gunzi hutoka ukutani kavu kama lilivyoingia. Jioni tuliyakusanya yote tukachemshia chai, na mimi nikaona hakuna akili iliyopita hiyo duniani.

Nguzo za umeme zilipoanza kupanda huku juu kijiji kwa kijiji, nikahamishiwa kwetu. Mnajua tunavyojenga sisi. Huku nyumba inakua taratibu kama mtoto. Msingi unachimbwa mwaka wa viazi vizuri, kuta mwaka wa kabichi, na bati litakuja pale kijana aliyeko Dar es Salaam atakapokumbuka alikozaliwa. Katikati ya miaka hiyo kuta zimesimama wazi na ukungu unaingia dirishani bila hodi, unalala kwenye matofali, unateremka ndani ya mabomba. Matofali yetu yanakunywa maji kuliko ng'ombe.

Nyumba moja nilikuta fundi aliyenitangulia amevuta waya zote kabla ya kupaua, kisha mvua za vuli zikazinyeshea mwezi mzima. Ncha za shaba zilikuwa zimeota kijani na maji yalitiririka kutoka kwenye boksi nilipoligonga. Mwenye nyumba akaniomba nizungushie tepu nyeusi, mambo yaishe. Nikakataa, nikang'oa zote, nikampa somo refu la unyevu ambalo hakuliomba. Nilikuwa na maneno sana siku hizo. Nilijiona bingwa, na bingwa hajikagui.

Kifaa nilichokipenda ni kile kisanduku kizito cha kupimia uvujaji, tulichokiita mega. Unakifunga kwenye waya, unazungusha mkono wake, na sindano inakueleza kama ngozi ya waya bado inazuia umeme usitoke nje. Sindano ikipanda, lala usingizi. Ikianguka, kuna mahali panavuja. Ninyi sasa mnavyo vya kubonyeza, lakini swali ni lile lile, na jibu linategemea saa unayouliza. Hilo nililijua kwa kuchelewa.

Nililijulia huku juu, Rangwi, kwa Mama Sesilia.

Mama Sesilia alikuwa mjane mwenye watoto watano na macho mawili yaliyokwisha kufunikwa na mtoto wa jicho. Moja lilipasuliwa na halikufunguka, la pili akakataa liguswe. Jiko lake la zamani lilikuwa nje, na masika moja aliteleza kwenye tope akalala hapo mpaka majirani walipopita. Ndipo watoto walipoamua kumjengea nyumba yenye jiko ndani, na korido moja iliyonyooka kutoka chumbani kwake mpaka jikoni. Mkubwa wao, Bonifasi, alisimamia ujenzi kwa simu kutoka Dar es Salaam. Mkewe Veronika ndiye aliyekuwa akiishi na mama.

Lipu ilipigwa na Athumani. Nyumba ngapi nimefanya na Athumani sikumbuki. Mimi nikichimba, yeye akiziba, tukitaniana kutwa. Magunzi yangu yalikuwa kicheko chake. "Zakaria, wewe fundi umeme au fundi wa kupukuchua mahindi?" Mama Sesilia alimwomba jambo moja tu.

"Athumani mwanangu, ukuta wa korido unilainishie. Mkono wangu ndio jicho langu."

Athumani aliulainisha ukuta ule siku tatu. Alifumba macho akaupapasa kutoka mwanzo mpaka mwisho, akarudi palipokwaruza, akapapasa tena. Sijaona lipu iliyopigwa kwa mapenzi kama ile.

Nyumba ilitakiwa ibarikiwe siku ya pili ya Krismasi, watoto wote wakiwa wamepanda, na Bonifasi alitaka padri aikute ikiwaka taa. Lipu ilikuwa na wiki mbili, na katika wiki hizo mbili mvua ilipumzika siku tatu. Mnazi wiki mbili ni nyingi. Rangwi kwenye vuli ni sawa na jana. Nilijua, nikavuta waya hivyo hivyo.

Boksi la swichi katikati ya korido ndilo lililonikamata. Gunzi lilikuwa limevimba. Nilipolizungusha likakatika, nusu mkononi mwangu, nusu ndani ya bomba. Nikalisukuma, likashuka mpaka kwenye kona likakaa. Dawa yake ilikuwa kuchimba upya ukuta wa Athumani uliolainishwa siku tatu, zikiwa zimebaki siku nne Krismasi ifike. Nikapitisha waya kando ya gunzi. Nikasikia ule mkwaruzo wa ngozi ya waya ikisuguka; kila fundi anaujua, na mimi nikajifanya sikuusikia. Adhuhuri jua lilipotoka kidogo nikapima, sindano ikapanda vizuri. Taa zikawaka, padri akabariki, nikala nyama ya mbuzi bila wasiwasi.

Masika ilipoingia, Mama Sesilia akanipigia simu.

"Fundi, ukuta wako unauma."

"Unauma vipi, mama?"

"Kama siafu. Asubuhi tu. Jua likitoka unaacha."

Nilipanda Rangwi kwa pikipiki, nikafika saa saba mchana, jua limetanda. Nikapima, sindano ikapanda. Nikagusa ukuta, kimya. Veronika akacheka kwa aibu, akasema mama siku hizi anasikia mengi. Nami, ambaye Mzee Mbaruku alinirudisha mlangoni kwa ajili ya adabu, nikamwambia mama wa watu, "Mama, hiyo ni ganzi ya mikono. Ni umri huo."

Mama Sesilia alinigeuzia uso.

"Fundi," akasema, "mimi sioni. Kuhisi bado nahisi."

Nikafunga kisanduku changu nikaondoka. Mdharau mwiba mguu huota tende, ila tende hii haikuota kwenye mguu wangu. Toka siku hiyo yule mama aliacha kuamka na majogoo. Alikaa kitandani mpaka saa nne, jua lishike ukuta, ndipo akatoka. Misa ya asubuhi akaiacha. Nyumba ilijengwa ili asiogope kutembea, na sasa alikuwa anaogopa kutembea ndani yake.

Kisha asubuhi moja Veronika alitoka kufua, akashika ukuta ule kwa mkono wenye maji, akapiga kelele mpaka kwa jirani. Nikawaambia kwa simu wazime swichi kubwa na wasiiguse. Nyumba iliyobarikiwa na taa ikarudi kwenye kibatari. Mama hakutoka chumbani mapema hata hivyo. Kwa asiyeona, ukuta uliozimwa na uliowashwa ni ule ule.

Bonifasi akatafuta mkosaji, akampata Athumani. Alisema lipu imechanganywa vibaya, mchanga mchafu, ukuta unavuta maji kama sponji. Alisema kwa hasira ya mtoto aliye mbali na mama yake, na mimi simlaumu. Lakini neno la simu huku linatembea haraka kuliko pikipiki. Nyumba mbili ambazo Athumani alikwisha kuahidiwa wakapewa mafundi wengine. Athumani akaja kwangu, hakukaa.

"Zakaria, lipu yangu inauma watu?"

Nikamjibu, "Tutaangalia."

Jihadharini na neno hilo, vijana. Usiku na mchana nililiona lile gunzi kwenye kona ya bomba. Wiki tatu nzima niliangalia. Nilikuwa na kazi Mlalo, nilikuwa na mafua, pikipiki ilikuwa na pancha. Ukweli ni kwamba niliogopa. Nilikuwa fundi wa kutolewa mfano, na nikamwacha rafiki yangu abebe gunzi langu kichwani. Nikikumbuka, uso unanipata moto mpaka leo.

Kilichonisukuma ni yale maneno, asubuhi tu. Nilikuwa nikiyasikia nikinywa chai. Siku moja nikaweka kikombe chini. Nilipima mara mbili, na mara zote mbili jua la mchana likiwa limekausha ukuta. Sikuwahi kuuliza ukuta ule saa ambayo mama alisema unauma.

Nilipanda jioni, nikaomba kulala kwa jamaa palepale Rangwi, nikampelekea Athumani ujumbe tukutane kwa Mama Sesilia saa kumi na mbili asubuhi. Ukungu asubuhi ile ulikuwa umeshuka mpaka kwenye kizingiti. Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda chumbani kwake, mlango wazi, shuka la Kimasai mabegani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba," akaitikia, akaongeza salamu ya asubuhi ya Kishambaa. "Onga makeo, Zakaria. Leo umekuja na saa yake."

Nikazungusha mega. Sindano ikatetemeka, ikaanguka kama mtu aliyekatwa miguu. Athumani aliona. Nikafungua swichi ya korido. Boksi lilikuwa na kutu pande zote, na tone la maji lilikuwa limening'inia kwenye mdomo wa bomba. Nikaingiza waya niliopinda ncha, nikavuta polepole. Likatoka vipande vipande, jeusi, laini, likinuka uvundo. Kila usiku lilikunywa ukungu, na asubuhi likawa linaulowesha waya palepale nilipoukwaruza.

Athumani alitazama kiganjani mwangu, kisha akanitazama usoni. Hakuhitaji kuelezwa. Hakuna mtu mwingine mlima mzima aliyekuwa akiziba mabomba kwa magunzi.

"Mmeona nini?" Mama Sesilia akauliza.

Veronika alikuwa amempigia Bonifasi na simu ilikuwa wazi mkononi mwake. Nilikuwa na njia ya kutokea. Ningesema "unyevu" na nisingekuwa nimesema uongo. Ningesema "ukungu wa huku" na wote wangeitikia.

"Ni gunzi," nikasema. "Niliziba bomba mimi, likanikatikia, nikaliacha humo makusudi kwa haraka ya Krismasi. Lipu ya Athumani haina kosa lolote. Na mama alisema kweli tangu siku ya kwanza."

Kwenye simu Bonifasi akauliza, "Fundi, ulijua?"

"Nilijua."

Nilingoja matusi. Badala yake nilisikia Mama Sesilia akicheka, kicheko kidogo cha pumzi, huku akijisugua viganja.

"Kumbe mikono yangu ni mizima," akasema. "Nilianza kuwaamini."

Hapo ndipo machozi yalinitoka, na siku ile hakukuwa na pilau la kusingizia.

Athumani alitoka nje. Nikajua nimempoteza. Kumbe alikwenda kuchukua tindo na nyundo. Akarudi, akasimama mbele ya ukuta wake alioulainisha siku tatu, akapiga tindo la kwanza yeye mwenyewe. "Chimba," akaniambia. "Ukinitazama hivyo sitamaliza leo." Tulifanya kazi kutwa tukiongea mambo ya kazi tu. Utani ulichukua muda kurudi, na sikuudai.

Tuling'oa mabomba yote ya korido, tukayalaza upya kwa mteremko ili maji yakiingia yapate pa kutokea. Maboksi ya chuma tukabadilisha ya plastiki, fimbo ya kupeleka umeme ardhini nikaizamisha upya penye udongo usio na mawe, na kwenye swichi kubwa nikaongeza kile kifaa kinachokata umeme ukivuja. Midomo ya mabomba niliiziba kwa vipande vya kandambili kuukuu, havinywi maji. Halafu tukafanya kazi ngumu kuliko zote, kungoja. Lipu ilikaa wiki saba. Bonifasi alipopiga simu kuuliza mbona kimya, nilimwambia ukuta unakauka, naye hakuniharakisha tena. Nilipima asubuhi sita mfululizo, ukungu ukiwepo, kabla ya kurudisha umeme.

Kabla ya hapo nilikwenda na Athumani kwenye zile nyumba mbili, nikasimama uani nikasema maneno yale yale. Mwenye nyumba wa kwanza alimrudishia kazi. Wa pili alikwisha kumweka fundi mwingine na lipu imefika usawa wa juu wa madirisha. Ile haikurudi, na hilo nimestaafu nalo.

Siku ya kuwasha, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Mama Sesilia alisimama kwenye mlango wa chumba chake. "Tangulia wewe," akaniambia. Nikaweka kiganja changu kitupu ukutani, nikatembea nikiupapasa mpaka jikoni, nikirudia kusema, "Niko hapa mama, niko hapa." Akaifuata sauti yangu, vidole vikiteleza kwenye lipu. Alipokaribia usawa wa swichi aliinua mkono, akapiga hatua mbili bila kushika kitu, mikono hewani, kisha akaupapasa ukuta mbele yake na kuendelea. Akafika jikoni, akasema, "Hongea, Zakaria." Ni asante ya Kishambaa, na sikuwa nimeistahili. Zile hatua mbili ziliniuma kuliko neno lolote la Bonifasi. Umeme niliutoa ukutani. Hofu sikuwa na kifaa cha kuing'oa.

Baadaye niliteremka Mnazi kumsimulia Mzee Mbaruku, ambaye alikuwa amekwisha kuacha kazi na anafuga mbuzi. Nilimweleza kwa uangalifu nisimfanye ajisikie vibaya kwa ajili ya magunzi yake. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi nilikufundishia Mnazi," akasema. "Wewe ukaenda kujenga Rangwi. Hukuniuliza."

Akanipa chai, iliyochemshwa kwa magunzi.

Mwezi wangu wa mwisho kazini, nikiwa nahesabu siku, Bonifasi alinipigia. Amestaafu na yeye, amerudi kuishi Rangwi, anataka soketi mbili sebuleni. Mama Sesilia alikuwa amefariki mwaka mmoja nyuma, kitandani kwake, kwa uzee. Nilimpitia Athumani, maana soketi inataka lipu, na njia nzima alinisema kwa habari ya mahindi.

Tulifika asubuhi na ukungu. Nyumba ilikuwa imepakwa rangi mpya, kila chumba, isipokuwa ukuta mmoja wa korido. Nikamuuliza Bonifasi kama rangi ilikwisha.

"Hapana," akasema. "Huo tumeuacha. Angalia."

Usawa wa kiuno kulikuwa na mstari wa kahawia, laini, unaong'aa, upana wa kiganja. Ulianzia kwenye mlango wa chumba cha mama ukaenda mpaka jikoni. Miaka yote ile ya asubuhi zake ilikuwa imeandikwa pale kwa mkono, juu ya lipu ya Athumani. Athumani alivua kofia.

Mimi niliufuata mstari kwa macho mpaka kwenye swichi, mahali pa zile hatua mbili, nikitafuta pengo. Nikasogea karibu, nikavaa miwani. Mstari ulipita chini ya swichi pale pale, mzito kama kwingine kote, bila kukatika.